Kaggia: Mfungwa wa Turkana aliyeachana na Kanu akikataa maskini wanunue uhuru

BILDAD Mwaganu Kaggia alikaa Turkana takriban miaka minane, wala si kwa hiari yake. Alifikishwa huko mwaka 1953 akiwa mfungwa wa serikali ya mkoloni, akavunjishwa mawe katika gereza la Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar. Alipotoka alikuwa na haki ya kudai fungu lake la matunda ya uhuru kama walivyofanya wenzake wengi. Badala yake alizuka kuwa mmoja wa wakosoaji wakali wa chama alichokuwa amekipigania, na hatimaye akakihama.

Ugomvi wake na Kanu haukuwa wa kugombea cheo, kwa kuwa vyeo alivipata akavipoteza kwa ulimi wake mwenyewe. Ulikuwa ugomvi juu ya swali moja: ni nani angelipa gharama ya uhuru wa Kenya? Je, ni mkulima maskini aliyetakiwa kununua kwa mkopo ardhi ambayo babu zake walinyang'anywa, au ni wenye mashamba makubwa na makampuni ya kigeni yaliyokuwa yamefaidika kwa miaka mingi?

Karani aliyekosa karo

Kaggia alizaliwa mwaka 1921 katika jamaa maskini yenye asili ya Murang'a. Alisoma katika shule ya misheni ya Kahuhia akawa mwanafunzi hodari, hata akapata nafasi ya kujiunga na Shule ya Upili ya Alliance. Karo ikakosekana, na nafasi ile ikampita. Akaajiriwa ukarani katika afisi ya serikali iliyokuwa ikisimamia wilaya ya Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa enzi hizo.

Vita Vikuu vya Pili vilimtoa nyumbani. Alijiunga na jeshi la Uingereza mwaka 1940, akahudumu Mashariki ya Kati na kufika hadi Uingereza kwenyewe. Huko aliwaona Wazungu maskini, Wazungu wafagiaji na Wazungu waliokosa kazi, na ile heshima ya woga ambayo mkoloni aliidai kutoka kwa Mwafrika ikamtoka moyoni. Aliporejea alianza kwa kuikosoa misheni iliyomlea. Alihubiri kwamba Mkristo Mwafrika hana haja ya kuvaa desturi za Kizungu ndipo aokoke, na wafuasi wake wakaongezeka kiasi cha watu kuliita kundi lao Dini ya Kaggia.

Kutoka madhabahuni aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Jijini Nairobi aliongoza chama cha makarani, akashirikiana na Fred Kubai katika harakati za kutetea mishahara na makao ya wafanyakazi. Mwaka 1951 kundi lao liliutwaa uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Kubai akawa mwenyekiti, Kaggia akawa katibu. Tawi hilo ndilo lililokisukuma chama kutoka kwenye maombi ya adabu hadi kwenye madai makali, na nyuma ya pazia viongozi wake walikuwa na mkono katika vuguvugu la kiapo lililokuja kujulikana kama Mau Mau.

Kapenguria hadi Lokitaung

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, serikali ilipotangaza hali ya hatari, Kaggia alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kesi ilisikilizwa Kapenguria, mbali na umati wa Nairobi, mbele ya hakimu Ransley Thacker. Washtakiwa walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Mnamo Aprili 8, 1953, wote walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa baadaye, lakini hakuachiliwa. Alihamishiwa kizuizini kwingine.

Gereza lililochaguliwa lilikuwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan. Serikali ilikuwa na sababu zake. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa; mtu asiyekuwa mwenyeji hakuingia bila kibali. Barabara hazikuwa, magazeti hayakufika, na jua na mchanga vilifanya kazi ya ukuta. Mtu aliyepelekwa huko alitarajiwa kusahaulika.

Wafungwa walivunja mawe na kuchimba mitaro. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliondolewa katika kazi nzito akawa mpishi wa wenzake. Lakini dhiki haikuwaunganisha. Miaka ilivyosonga, wafungwa wale waligawanyika, na Kaggia akawa upande wa waliotofautiana na Kenyatta. Ufa uliokuja kuitikisa Kanu katika miaka ya 1960 ulikuwa na mzizi wake ndani ya uzio wa Lokitaung.

Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ikilalamikia hali yao ilitoroshwa nje na kuchapishwa katika gazeti la The Observer la London. Mwezi uo huo wa Juni, Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kutangaza kwamba wale waliofungwa ndio waliokuwa bado viongozi halisi wa Waafrika. Wazungu walighadhabika, na hata baadhi ya wanasiasa Waafrika wakashtuka. Kutoka siku hiyo majina ya watu wa Lokitaung yalirudi midomoni mwa wananchi.

Vifungo vilipokwisha mwaka 1959, wafungwa hawakurudishwa makwao. Walihamishiwa Lodwar, mji mdogo uliokuwa makao makuu ya wilaya chini ya Leslie Whitehouse, wakalazimishwa kuishi humo chini ya ulinzi. Kaggia alipata uhuru wake mwaka 1961.

Ardhi na barua ya Rais

Katika uchaguzi wa Mei 1963, watu wa Kandara, Murang'a, walimchagua Kaggia kuwa mbunge wao kwa tiketi ya Kanu. Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu, alimteua Katibu wa Bunge katika Wizara ya Elimu, cheo kilicholingana na cha naibu wa waziri. Hakukaa humo hata mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika.

Chanzo kilikuwa ardhi. Serikali mpya ilikuwa imerithi mpango wa kuwapa Waafrika makazi katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ule ulioitwa mpango wa ekari milioni moja. Chini ya mpango huo mlowezi alilipwa fedha zake, nyingi zikiwa mkopo kutoka Uingereza, naye Mwafrika aliyepewa kipande akawa mdaiwa wa kulipa kwa awamu. Kaggia aliona hapo dhuluma mbili. Kwanza, ardhi ilitwaliwa bila bei, sasa inarudishwa kwa bei. Pili, wale walioteseka zaidi, yaani waliofungwa, waliokuwa msituni na ambao vipande vyao vilipotea wakati ardhi ilipounganishwa na kugawanywa upya wao wakiwa kizuizini, ndio waliokuwa hawana hata fedha za kuanzia.

Alianza kuiandikia Wizara ya Ardhi na Makazi akiwatetea maskwota waliokuwa wakifukuzwa mashambani. Alizungumza pia hadharani, jambo lililowaudhi wakubwa kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya serikali. Mei 1964 Kenyatta alimwandikia barua akimtaka aache kuukosoa msimamo wa serikali au aondoke. Juni mwaka huo Kaggia akawa nje. Serikali ilisema amefutwa. Yeye alishikilia kwamba amejiuzulu. Vyovyote iwavyo, alirudi kwenye viti vya nyuma vya Bunge akiwa hana bendera ya kumfunga mdomo.

Makampuni yapewa kinga

Suala la ardhi lilikwenda sambamba na suala la mtaji wa kigeni. Wakati Kenya ilipojitawala, benki kubwa, viwanda, mashamba ya chai ya Kericho na biashara kuu za Nairobi na Mombasa zilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Vitega Uchumi vya Kigeni. Kampuni iliyopata cheti chini ya sheria hiyo ilihakikishiwa kwamba ingeweza kuhamisha faida na mtaji wake kwenda nje, na kwamba mali yake haingetwaliwa bila fidia kamili.

Hoja ya serikali haikuwa ya kupuuzwa. Hazina ilikuwa karibu tupu, wataalamu walikuwa wachache, na fedha za walowezi zilikuwa zikitoroka nchini. Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi, alisisitiza kwamba mali haiwezi kugawanywa kabla ya kuzalishwa, na kwamba kumtisha mwenye mtaji ni kujinyima kazi. Kwa Kaggia na wenzake, hata hivyo, mizani ilikuwa imeinama. Kampuni ya kigeni ilipewa hakikisho la kisheria la faida yake, ilhali skwota hakupewa hakikisho la mahali pa kulala.

Msimamo wa serikali uliwekwa katika Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Waraka huo uliahidi kwamba utajiri usingerundikwa mikononi mwa wachache na kwamba kodi ingepanda kadiri mapato yanavyopanda. Papo hapo ulikataa utaifishaji wa jumla na kuupa mtaji binafsi nafasi ya mbele.

Ulipofika Bungeni, Kaggia aliuchambua bila kumung'unya maneno. Alieleza kwamba hakujali ujamaa huo upewe jina gani, uwe wa Kiafrika, wa Kenya au hata wa kabila fulani, mradi uwe ujamaa kweli na si ubepari uliovishwa kanzu. Wakati huo kambi yake ilikuwa tayari imepata pigo: Pio Gama Pinto, mpangaji mkuu wa mikakati ya wabunge hao, alikuwa ameuawa kwa risasi jijini Nairobi Februari 24, 1965.

Waraka huo ulikuwa na kifungu kingine kilichozungumzwa kidogo wakati ule, lakini kilichoamua hatima ya nchi nzima ya kaskazini. Kilielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta mavuno makubwa zaidi, yaani katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme. Kwa kipimo hicho Turkana haikuwa na lake. Wilaya ambayo mkoloni aliifunga ili iwe jela ya wapigania uhuru ilibaki nje ya hesabu ya serikali ya wapigania uhuru hao hao.

Matokeo yake yanaonekana hadi katika kijiji cha wavuvi cha Longech, kwenye ulimi wa mchanga ulioingia Ziwa Turkana ng'ambo ya mji wa Kalokol, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Mradi mkubwa wa viwanda uliofika hapo ulikuwa wa msaada wa Norway: kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama za kugandisha samaki katika joto lile zilikuwa kubwa mno, na muda si mrefu Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chimbuko la samaki hao, ikakauka. Kiwanda kikafungwa.

Swali la Kenyatta

Aprili 1965, katika mkutano wa hadhara Murang'a, Kenyatta alimgeukia Kaggia mbele ya wapiga kura wake. Aliwataja wenzao wa Kapenguria mmoja mmoja. Kubai alikuwa na nyumba nzuri na shamba. Karumba alikuwa na mabasi. Wote walifungwa pamoja na kutoka pamoja. Kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini, na iweje anataka vya bure.

Swali hilo lilisambaa nchi nzima. Kwa wengi lilikuwa kejeli ya mzee kwa mvivu. Kwa wengine lilikuwa ungamo la wazi kwamba kipimo cha uongozi kilikuwa kimebadilika, na kwamba kiongozi asiyejilimbikizia mali alikuwa amegeuka kichekesho.

Machi 1966 Kanu ilifanya mkutano wa wajumbe Limuru. Wadhifa wa makamu wa rais wa chama, aliokuwa nao Odinga, ulifutwa na mahali pake pakawekwa makamu wanane wa mikoa. Kaggia alipata kura za kutosha kuwa makamu kutoka Mkoa wa Kati, lakini upigaji kura ulirudiwa na James Gichuru akatangazwa mshindi. Hapo mlango ulikuwa umefungwa. Aprili 14 Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi, na chama cha Kenya People's Union, KPU, kikapata uhai. Odinga alikuwa kiongozi wake, Kaggia naibu.

Gharama ya kuhama

Serikali haikungoja. Mwezi huo huo katiba ilirekebishwa ili mbunge anayehama chama kilichomdhamini apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Juni 1966 pakafanyika chaguzi ndogo 29 kwa mpigo, za mabunge yote mawili. KPU ilipata viti tisa tu, ingawa jumla ya kura zake nchini ilizidi za Kanu. Maafisa wa utawala waliibana kwa kuinyima vibali vya mikutano.

Kandara ilimpa Kaggia kisogo. Ushindani ulikuwa umegeuzwa kuwa wa kabila, na Mkikuyu aliyesimama na Odinga alionekana kama msaliti wa nyumba yake. Taddeo Mwaura wa Kanu akakitwaa kiti. Kaggia hakurudi tena Bungeni maisha yake yote.

Mwaka 1968 alifungwa kwa kosa la kushiriki mkutano usiokuwa na kibali. Alihukumiwa mwaka mmoja, rufaa ikaupunguza hadi miezi sita. Mtu aliyekuwa amefungwa na Mwingereza kwa kudai uhuru alikuwa sasa mfungwa wa Kenya huru.

Mwaka 1969, miezi michache kabla ya KPU kupigwa marufuku kufuatia umwagikaji wa damu Kisumu, Kaggia alijitoa na kurejea Kanu. Baadaye aliteuliwa kuongoza bodi ya serikali ya zao la pamba. Wapo waliomlaumu kwa kuinua mikono, na lawama hizo hazikukosa msingi, kwa kuwa Odinga na wengine waliobaki walikwenda kizuizini. Lakini ni vigumu kusema kwamba alinunuliwa. Hakutoka katika utumishi huo akiwa tajiri. Mnamo 1975 alichapisha kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, kinachokomea mwaka 1963, pale ambapo ugomvi wake na wenzake ulikuwa bado haujaanza.

Miaka yake ya uzeeni aliishi maisha ya kawaida Murang'a, akipata riziki yake katika mashine ya kusaga mahindi. Alifariki Machi 7, 2005, jijini Nairobi. Wanasiasa walimiminika kumsifu, wakiwamo waliokuwa na maelfu ya ekari.

Alichoacha nyuma

Mambo aliyoyagombania hayakuzikwa naye. Ahadi ya kodi ya kupunguza pengo kati ya tajiri na maskini ilitekelezwa kwa kusuasua: kodi ya urithi ilifutwa mwaka 1982, na kodi ya faida inayotokana na kuuza mali, iliyoanza 1975, ilisitishwa 1985 isirudi hadi 2015. Katika Kandara yenyewe, wakazi wamekuwa na kesi ndefu dhidi ya kampuni ya Del Monte kuhusu mashamba ya mananasi wanayodai yalikuwa ya mababu zao.

Turkana nayo iligeuka kuwa nchi ya mafuta baada ya kampuni ya Tullow kuyagundua mwaka 2012. Sheria ya Petroli ya 2019 iliamua kwamba kati ya mapato ya serikali, asilimia 20 yaende kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali, baada ya mvutano mrefu na viongozi wa eneo hilo. Katiba ya 2010 ilikuwa imeanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, kama kukiri kimyakimya kwamba kipimo cha 1965 kilikosea.

Kaggia hakuwa na majibu kwa yote. Hakueleza kwa ukamilifu fedha za kuwalipa walimu na madaktari zingetoka wapi iwapo ardhi ingetolewa bure na wenye mtaji wakaondoka. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya ahadi ambazo watu walifungwa na kufa kwa ajili yake, na ukaidi wa kuzidai hata pale waliozitoa walipotaka zisahauliwe. Swali aliloulizwa hadharani mwaka 1965, la nini alichojifanyia, hakuwahi kulijibu kwa mali. Jamaa zake walipomzika, walimzika mtu aliyekuwa na kinu.